Chuchu ya Mtoto na Chuchu ya Nyumba

Garissa, 11 Mei 1997

Assalamu alaykum warahmatullahi, Samsam, mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Salah.

Mimi ni ayeyo yako Maryan. Mkono unaoandika ni wa Kulow, yule aliyekuwa karani wa ofisi ya mifugo mpaka serikali ikamwambia apumzike. Sasa anapumzika kwangu, kila siku baada ya asr, na kikombe mkononi. Kisomali anaongea kama mvua, lakini kuandika anajua Kiswahili ya ofisi tu, na mimi Kiswahili yangu ni ile ya kuuza maziwa pale steji ya basi, kwa hivyo tunakutana katikati. Nikisema vibaya ananyoosha. Nimemwambia asinyooshe sana, usije ukadhani umeandikiwa na DC.

Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Jino langu la nyuma limetoka lenyewe nikila mkate wa muufo, halikuuma hata kidogo, nimeliweka mahali. Punda wa Fatumo jirani aliingiza kichwa kwangu akala mkeka nusu. Fatumo anasema mkeka ulikuwa nje. Mkeka ulikuwa ndani, punda ndiye alikuwa nje, ni kichwa tu iliingia. Tumeongea juu ya hiyo mkeka siku tatu mpaka punda mwenyewe amesahau.

Habari kubwa ni kwamba Sahara ameenda Hulugho kwa kijana wake Guled, yule mwenye duka. Mke wa Guled, Amino, ana mimba, na mtu mzima lazima awe karibu. Ameenda kwa hiari yake, kwa lori ya Yarow, na lile sanduku lake la bati. Sasa nyumba ni kimya. Hakuna mtu ananiambia sukari nimetia nyingi, hakuna mtu anafagia mahali nimeshafagia. Miaka arobaini na mbili tangu babu yako Billow amlete awe mke mwenzangu, leo ndiyo naskia sauti ya kuku wa jirani. Billow alipokufa watu walisema sasa hawa wanawake watagawana boma. Hatukugawana. Hatukupata nafasi, tulikuwa bado tunagombana.

Unakumbuka uzi wa Sahara, kwa sababu ulikuwa unauchezea ukiwa mdogo. Mbuzi ana chuchu mbili. Asubuhi kabla mbuzi hawajatoka na watoto wao, Sahara anachukua uzi ya gome anafunga chuchu moja. Ile iliyo wazi ni ya mtoto. Ile iliyofungwa ni ya nyumba, inakamuliwa jioni. Kila mbuzi, kila siku. Mimi hiyo kitu sikuipenda tangu siku ya kwanza. Mtoto analia, maziwa iko, na mtu ameweka fundo katikati. Sasa nyuzi zote nimezitupa. Watoto wananyonya mbili mbili, wananiangalia na macho ya shukrani.

Jambo la mwisho. Watu wa soko wananiuliza unasoma nini huko Nairobi miaka yote hii, na mimi nimewaambia udaktari. Lakini Abdiwahid wa Fatumo alikuja kutoka huko akasema mbele ya watu amekuona chuoni ukibeba ndoo ya vyura. Nikamwambia huyo ni Samsam mwingine. Niandikie ukweli, abaay, nijue niendelee kusema nini.

Ayeyo yako, Maryan binti Yusuf (kidole gumba)

Na mimi Kulow nakusalimu. Hatujambo. Chai ni nzuri.


Nairobi, 24 Mei 1997

Kwa Ayeyo Maryan,

Wa alaykum salaam. Nimefurahi sana kupata barua, na pole kwa jino na kwa mkeka.

Ndoo ya vyura ni yangu, Ayeyo. Samsam mwingine hayupo. Lakini hata wewe hukusema uongo, maana ninachosoma ni jinsi mtoto anavyotengenezeka tumboni kabla hajawa na umbo, na madaktari wanahitaji kujua hayo. Mtoto wa mtu hatuwezi kumtazama, ndiyo maana tunatumia chura. Yai lake ni dogo kama punje ya mtama, halina ganda, na linakua ndani ya maji tukiliona.

Nitakueleza kama ninavyoelewa. Yai likianza kugawanyika linakuwa vipande vidogo vingi, vyote vinafanana. Hakuna hata kimoja kinachojua kitakuwa nini. Upande mmoja unatoa ujumbe unaosema: kuwa tumbo, kuwa ngozi. Ujumbe huo unaenea pande zote. Upande wa pili, ule utakaokuwa mgongo, unatoa kitu cha ajabu. Chenyewe hakiamrishi mtu chochote. Kazi yake ni kuukamata ule ujumbe njiani na kuufunga usifike. Pale ambapo ujumbe haufiki, vile vipande vinakuwa ubongo na uti wa mgongo. Zamani walimu wetu walidhani lazima kuwe na sauti inayosema “kuwa ubongo”. Kumbe inatosha mtu azuie ile sauti nyingine. Mwaka jana tu wataalamu wa ng'ambo wameonyesha kwamba hivi viwili vinashikana ana kwa ana.

Sisi tunasema ni mahasimu. Lakini ni mahasimu wa nyumba moja, Ayeyo, na mtoto anatoka katikati ya ugomvi wao. Karibu na mgongo mmoja anashinda, karibu na tumbo mwingine anashinda, na kati yao kila kitu kinapata mahali pake. Mimi kazi yangu ni kupima nani anashinda wapi. Natakiwa niimalize kufikia Septemba.

Usihofu kwamba naingilia kazi ya Mungu. Nachungulia tu.

Kitu kimoja sikukielewa. Guled aliniandikia kwamba Amino anatarajia Agosti. Mbona Ayeyo Sahara ameenda mapema hivyo?

Mjukuu wako, Samsam


Garissa, 8 Juni 1997

Samsam,

Nani amekuambia?

Salamu nitatoa baadaye. Kulow alisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza tulicheka juu ya vyura mpaka Fatumo akaja kuuliza kuna nini. Ya pili nilimwambia asimame pale, arudie. Mahasimu wa nyumba moja, mtoto anatoka katikati ya ugomvi wao. Mtoto ni nani kama si wewe? Uliletwa kwetu ukiwa na miaka mitatu, mama yako Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nakulisha, Sahara anasema inatosha. Mimi nakubeba, yeye anasema mteremshe atembee. Na ile ya kuzuia ujumbe usifike, hiyo pia nimeelewa, huna haja ya kuificha ndani ya yai. Ni Yarow. Anapeleka mbuzi mpaka Nairobi, na mdomo wake unafika kabla ya lori.

Kulow ananiambia barua ni ya vyura kweli, yeye amesoma, hakuna jina la mtu ndani. Sasa ananiambia hivyo nikiwa nimeshasema nusu. Basi nimalizie.

Mimi nilikuwa nafungua. Kila siku, miaka yote. Sahara anafunga asubuhi, anaenda kisimani na kwa mambo yake. Adhuhuri mbuzi wakirudi kivulini mimi napita na kidole, fundo moja hapa, fundo lingine pale, mtoto ananyonya kidogo, naacha. Jioni yeye anakuja kukamua, uzi iko chini, anasema uzi wa siku hizi ni dhaifu. Mimi nasema ndiyo, ni dhaifu sana.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, alirudi mapema. Mimi nimepiga magoti chini ya yule mbuzi mweupe, uzi iko kwa vidole vyangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, “Mimi nafunga kwa sababu nyumba ina watu.” Na mimi badala ya kunyamaza kama mtu mwenye mvi nikamwambia, “Kama mkono wangu unakuchoma, Hulugho pia kuna mbuzi.”

Aliingia ndani akaanza kukunja nguo.

Hiyo ndiyo hiari yake niliyokuandikia.

Usidhani najuta. Nina amani. Ni kweli watoto wa mbuzi wanaharisha, wote sita, kwa sababu wamekunywa kupita tumbo, na yule mdogo wa kahawia ana siku mbili hajasimama, nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kama mtoto wa mtu. Ni kweli mama zao jioni wako kavu kama ngozi ya kuswalia. Ile wateja yangu ya steji, yule Mkamba wa mandazi na vijana wa kupakia basi, sasa wananunua kwa mwanamke wa Bura. Lakini nyumba ni kimya, nimekuambia.

Nina swali. Huko kwenye yai, huyo anayefunga akiondoka, inakuwa nini? Nauliza juu ya vyura tu.

Ayeyo yako, Maryan (kidole gumba)

Chai sasa ni strungi, haina maziwa. Kulow.


Nairobi, 19 Juni 1997

Ayeyo,

Yarow sijamwona tangu Ramadhani. Nilikuwa nakueleza masomo yangu, wallahi, nilikuwa sijui kitu. Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za maktaba, na wenzangu wakaniuliza kwa nini nacheka na kulia.

Nakujibu juu ya vyura tu. Anayefunga akiondoka, ule ujumbe wa tumbo unafika kila mahali na hakuna wa kuuzuia. Yai halifi. Linaendelea kukua, lakini linakuwa tumbo tupu. Halina kichwa, halina macho, halina mgongo. Ni kipande cha tumbo kinachoelea, kimeshiba, hakijui kinaenda wapi. Baada ya siku chache kinaisha.

Na yule anayefunga akizidi, akawa hana mtu wa kumpinga, panatokea kichwa na macho makubwa, na nyuma yake hakuna mwili. Nina chupa mbili kwenye rafu, hicho na hicho, kando kwa kando. Nikizitazama sasa nawaona nyinyi wawili, Mungu anisamehe.

Mwandikie, Ayeyo. Si lazima useme pole. Mwandikie tu.

Samsam


Garissa, 2 Julai 1997

Kwa Sahara, kwa mkono wa Guled, dukani Hulugho.

Assalamu alaykum. Samsam amenisumbua nikuandikie, ndiyo naandika. Kama si yeye nisingemchosha Kulow.

Sisi ni wazima. Mbuzi ni wazima kabisa. Yule mdogo wa kahawia aliharisha kidogo lakini anasimama sasa, hata jana alimruka Kulow mgongoni. Maziwa ni mengi hata hatujui tuweke wapi. Kulow ameinua kalamu ananiangalia. Nimemwambia aandike.

Nakuandikia jambo moja. Uzi wako ni kitu mbaya. Nilitaka nione ni nini imekushika miaka arobaini, nikamfunga yule mweupe kwa uzi ya nailoni, ile ya kushonea magunia, kwa sababu uzi ni uzi. Jioni chuchu imevimba kama kidole kilichoumwa na nge. Niliikata kwa wembe, na mbuzi akanipiga teke gotini, na hapo nilimpa haki yake. Kwa hivyo nimeona kwa macho yangu kwamba kufunga haifai.

Sitaki kujua unatumia gome la mti gani. Sitaki kujua unafanya nini nalo mdomoni kabla ya kufunga, maana nakumbuka kila asubuhi ulikuwa unatafuna kitu na mimi nilidhani ni njia yako ya kutonisalimia. Kama fundo ni moja au ni mbili, hiyo pia sitaki kujua. Nakuambia tu ujue kwamba sitaki.

Mwambie Amino asibebe maji. Miguu ikivimba aiweke juu ya gunia la sukari, dukani hayakosi.

Mimi Maryan (kidole gumba)


Hulugho, 20 Julai 1997

Maryan,

Guled anaandika, mimi nasema.

Ni gome la mgunga mchanga, la upande wa ndani. Linatafunwa mpaka liwe laini kama nyama iliyoiva. Fundo ni moja. Unafunga kidole chako kikiwa ndani, kisha unatoa kidole, hiyo nafasi inabaki ndiyo chuchu inapumua. Yule mweupe mpake samli, mkamue polepole asubuhi na jioni mpaka uvimbe uishe.

Nilikuwa natafuna na nilikuwa sikusalimii. Yote mawili.

Guled hapa ana mbuzi kumi na wanane. Nafunga kila asubuhi. Maziwa ni mengi, Guled anasema hajawahi kuona, majirani wanakuja na vibuyu. Lakini watoto wa mbuzi wamekonda. Mbavu unaweza kuhesabu ukiwa barabarani. Guled akaniambia, hooyo, si ufungue mchana. Nimejaribu. Sijui ni saa ngapi. Nikifungua mapema maziwa yanaisha, nikichelewa mtoto analia mpaka ananyamaza, na kule kunyamaza sikupendi. Hiyo ilikuwa kazi yako. Mimi nilifunga kwa nguvu miaka yote kwa sababu nilijua adhuhuri utapita. Sijui kufunga mahali ambapo hakuna mtu anapita nyuma yangu.

Siku ile sikurudi mapema ili nikushike. Mguu uliniuma njiani. Kwamba unafungua, nimejua tangu Billow yuko hai. Yeye ndiye aliniambia, akacheka, akasema niache hivyo hivyo.

Amino ni mzima. Miguu iko juu ya gunia.

Nimesikia kwamba mbuzi ni wazima na maziwa ni mengi. Basi hamna haja na mimi. Sitarudi mahali nilipoambiwa kuna mbuzi kwingine.

Sahara


Garissa, 4 Agosti 1997

Sahara,

Kulow alikuwa msikitini, nimemngoja mlangoni, amerudi, nimemwambia leo asinyooshe hata neno moja. Barua yako amenisomea mara nne. Mara ya nne hakuweza kumaliza, akasema ni vumbi.

Mimi unajua nikianza kuongea sijui kushuka. Leo nitashuka haraka.

Maziwa hakuna. Ile niliyokuandikia ilikuwa uongo. Kulow anakunywa strungi tangu mwezi wa tano, amekonda kama watoto wa mbuzi wa Guled.

Nilimwambia Samsam kwamba nyuzi zako nimezitupa. Sikuzitupa. Ziko ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, pamoja na kitana cha Billow. Jino langu pia liko humo.

Ile mkeka aliyokula punda wa Fatumo ni yako. Niliitoa nje juani kwa sababu nilitaka isikae na harufu ya nyumba imefungwa. Halafu nikawaambia watu ilikuwa ndani, nikamlaumu Fatumo siku tatu kwa kosa langu. Nimemwomba msamaha, amecheka. Nusu iliyoliwa nimeisuka tena. Rangi haifanani, yule muuza rangi nyekundu sokoni alikuwa amehama, utaona kijani.

Na lile neno nililosema siku ile, nalirudisha. Hulugho hakuna mbuzi, Sahara. Mbuzi wote wako hapa.

Maryan (kidole gumba)


Garissa, 30 Septemba 1997

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Samsam, mjukuu wetu.

Kalamu ni ya Kulow. Mdomo ni wangu, lakini leo iko wa pili hapa pembeni, umekaa juu ya mkeka, kwa hivyo ukiona barua inaenda mbele na kurudi nyuma usishangae.

Barua yako ya mwezi huu tumeipata. Alhamdulillahi kazi yako imekubaliwa. Watu wa soko nimewaambia ukweli sasa, ni vyura. Mwanamke mmoja alitaka kucheka, nikamweleza mambo ya mgongo na tumbo, nani anazuia nani, nikitumia mbuzi wangu aliyekuwa hapo hapo, na mpaka namaliza watu walikuwa wamejaa. Mzee mmoja aliuliza kama unaweza kumtazamia ngamia wake hashiki mimba. Nimesema ukija Disemba utaona.

Amino amezaa tarehe kumi na tano mwezi wa nane, msichana, anaitwa Hani, mikono na miguu yote na kichwa mahali pake. Nilipoambiwa nilifikiria yai lako. Nikasema subhanallah, ni ugomvi mwingi umeisha vizuri.

Siku arobaini zilipotimia, Alhamisi iliyopita, lori ya Yarow ikasimama mbele ya boma. Kwanza liliteremka sanduku la bati. Halafu mguu, ule mbovu. Halafu yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejipanga na salamu ndefu, nilikuwa nimeifanyia mazoezi na Fatumo. Sahara hakunipa nafasi. Alipita mpaka kwa yule mbuzi mweupe, akainama, akamgusa, akauliza ni nani alimfunga hivi mpaka akabaki na alama. Nikamwambia ni wewe, kwa kuondoka. Akasema nailoni. Akasema tena, nailoni, kama mtu anataja jina la mgonjwa.

(Sahara anasema niandike kwamba chuchu imepona na kwamba hilo ndilo jambo la maana. Imeandikwa. Kulow.)

Akaingia ndani. Nikaogopa juu ya mkeka. Aliutandika, akautazama, nusu nyekundu, nusu kijani. Hakusema ni mbaya, hakusema ni nzuri. Akaenda akakaa upande wa kijani.

(Anasema upande wa kijani uko karibu na mlango, kuna upepo, hakuna sababu nyingine.)

Nilimletea kopo. Alihesabu nyuzi, alitoa jino langu akaliweka nje, akasema hii kitu kwa nini inakaa na uzi. Tukagombana juu ya jino mpaka maghrib. Samsam, ningekuwa na simu ningekupigia usikie.

Sasa nisikie kwa makini, maana hapa ndipo barua ilikuwa inakuja.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka akafunga mbuzi wote. Nilimwona nikiwa nimefunika kichwa na shuka. Alitafuna, akafunga, akatoa kidole, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikajiambia, Maryan, umezeeka, usiguse tena mahali umechomeka. Akitaka kufunga afunge. Adhuhuri ilipokaribia nikatoka kwa makusudi nikaenda kwa Fatumo, nikakaa, nikaanza hadithi ndefu ya harusi ya dada yangu ambayo Fatumo ameskia mara sita. Naongea, lakini masikio iko nyumbani. Watoto wa mbuzi wameanza kulia. Nikaongeza sauti.

Mlango wa Fatumo ukaingia kivuli. Sahara amesimama nje na bakora yake, haingii. Hakumsalimu hata mwenye nyumba.

“Maryan,” akasema, “jua limesimama.”

Halafu akageuka akaenda kisimani, polepole, akinipa mgongo wote, bila kuangalia nyuma hata mara moja.

Nikaacha harusi katikati. Fatumo anasema nilitoka kwake kama msichana. Nilipiga magoti chini ya yule mweupe, nikapitisha kidole kwenye ile nafasi ndogo ambayo kidole chake kilikuwa kimeacha, na fundo likafunguka lenyewe, kwa sababu limefungwa lifunguke. Miaka arobaini na mbili nilikuwa najiona mwerevu wa vidole.

Jioni alikuja kukamua. Uzi iko chini. Akaiokota, akaitazama, akasema uzi wa siku hizi ni dhaifu. Mimi nikasema ndiyo, ni dhaifu sana.

(Sahara anasema Maryan hakusema “sana”. Mimi nilikuwepo, alisema. Kulow.)

Ukija Disemba zile chupa mbili uziache huko huko Nairobi. Sisi hatuna haja ya kuziona. Lakini kama una yai ambalo limetoka vizuri, lenye kichwa na tumbo na mkia wake, tuletee hilo ndani ya maji. Tutalitazama sisi wawili, na kila mmoja atakuambia ni upande gani ulikuwa wake.

Ayeyo zako,
Maryan (kidole gumba)
Sahara (kidole gumba, amekataa kutumia wino uleule niliotumia mimi)

Chai ina maziwa. Si mengi, si kidogo. Kulow.